Rangi ya Ukuta Wako Iko pia ya Jirani

Tuanze na swali la hapa kwetu Kikula. Mwenye paseli anapaka ukuta wake buluu, jirani yake anapaka rangi ya machungwa. Nani ameharibu sura ya barabara? Historia inajibu: hapana rangi inayoonekana peke yake.

Mwaka 1824, mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alipewa kuongoza kazi ya rangi katika karakana ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zinafifia. Akachunguza, akakuta rangi nyeusi haina kosa. Shida ilitoka kwa nyuzi za buluu na zambarau zilizokuwa kando yake. Kitabu chake cha 1839 kikaeleza: rangi mbili zikipakana, jicho linazidisha tofauti yao.

Mwaka 1944, Wamarekani Parry Moon na Domina Spencer wakajaribu kuandika upatano wa rangi kwa kanuni za hesabu. Mwaka 1976, tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ikatoa mfumo wa namba tatu: L ni mwangaza, a inatoka kijani mpaka nyekundu, b inatoka buluu mpaka njano.

Basi tuhesabu. Ukuta wako ni 80, 5, 20. Wa jirani ni 78, 9, 24. Tofauti ni 2, 4, 4. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 4, 16, 16. Jumla 36, kipeuo chake cha pili ni 6. Jicho linaona kuta mbili, lakini za jamaa moja. Kompyuta inafanya hesabu hiyo kwa barabara nzima, inajaribu maelfu ya mipango, inabakiza ile ambayo majirani hawagongani wala hawafanani kabisa.

Likasi yetu, iliyoitwa Jadotville mpaka 1966, ilijua ulinganifu wa namna nyingine. Union Minière ilijengea wafanyakazi wake makambi ya nyumba za mfano mmoja. Ulinganifu ule ulitoka ofisini. Mwenye kulala ndani hakuulizwa.

Kompyuta nayo inaweza kuwa ofisi mpya. Haijui nani ana pesa ya kopo moja tu, wala ukuta gani unakula vumbi jekundu kila kiangazi. Hizo ni habari za majirani. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kopo, vuka barabara, piga hodi, kaeni muongee. Hesabu ifuate.