Malaika ya paka

Wanaochora paka na mbwa kwa penseli za rangi husema wanachora “manyoya”. Si kosa, ila neno ni pana mno: kuku naye ana manyoya. Kiswahili kina laika, kinywele chembamba cha mwilini, wingi malaika. Kina singa, nywele ndefu, laini, zilizonyooka. Za mdomoni ni sharubu.

Tofauti hizi ndizo kazi yenyewe. Malaika ya sikioni hutaka ncha kali na mkono mwepesi. Sharubu hukwaruzwa kwanza karatasini kwa ncha butu isiyo na rangi. Rangi nzito ikipita juu, mfereji hubaki mweupe. Hufanywa hivyo maana penseli nyeupe haifuniki nyeusi. Walimu wa sanaa, yatumieni maneno haya darasani.