Kibaba cha Mpagazi, Frasila ya Tajiri

Wiki iliyopita nilimpigia simu shangazi yangu wa Ujiji. Nilikuwa na migebuka mikavu, nina na chupa ya mawese, nikataka kusonga ugali wa muhogo kama wake.

"Shikamoo shangazi. Unga niweke kiasi gani?"

"Marahaba. Kopo moja, mwanangu. Lile la maziwa."

Haya. Kopo nililipata, na kwa kuwa nina mizani ya jikoni, nikaupima ule unga niiandike hesabu isipotee. Gramu 410. Nikaligonga kopo mezani, unga ukashuka, nikajaza tena kwa kijiko. Gramu 470! Kopo lile lile, unga ule ule.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kibaba. Wengi wetu tunakijua kwa methali tu, ile ya haba na haba, lakini kilikuwa kipimo halisi cha ujazo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Tena kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, chenye kichuguu. Kwa nafaka, kibaba kilikadiriwa kuwa ratili moja na nusu, yaani kama gramu 680. Nasema kilikadiriwa, maana kibaba cha unga hakiwezi kuwa sawa na cha mahindi, wala na cha chumvi ya Uvinza.

Sasa weka pembeni yake frasila, ambayo ni kipimo cha uzito, kama kilo 16. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshatangulia, na pembe za huko zilikwenda pwani mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili. Posho yake ya siku, kwa kawaida, ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka.

Yaani mali ya tajiri ilipanda mizani, chakula cha aliyeibeba kikapimwa kwa chombo. Sisemi mizani haidanganyi. Lakini kwenye kibaba, mkono wa mgawaji ndio ulioamua kama leo ni tele au ni mfuto, na mwenye njaa hakuwa na namba ya kushika mkononi na kudai.

Tubadilishe basi vibaba kuwa kilo tuone. Safari ya siku 90 ni vibaba 90 kwa mtu mmoja, sawa na kilo 61 hivi. Mzigo wake ni kilo 32. Kumbe mpagazi angehitaji kubeba chakula chenye uzito wa karibu mara mbili ya mzigo wenyewe! Haiwezekani. Ndiyo maana misafara ilitegemea kununua chakula vijijini njiani, kwa nguo na shanga, na penye ukame au vita watu walilala njaa. Kwa macho ya kibaba, hilo halionekani. Kibaba ni kidogo, kinakaa kiganjani. Uzito ndio unaolifichua.

Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma na mizigo ya safari ndefu ikahamia kwenye mabehewa. Sokoni, hata hivyo, chombo hakikuondoka. Mpaka leo utauziwa dagaa kwa kopo au kwa sado, na muuzaji mwema atakutupia kiganja kimoja cha nyongeza juu.

Jioni nikampigia tena shangazi. Nikamwambia kopo lake ni gramu 410, au 470, sijui niandike ipi.

Akacheka. "Kwani unampikia nani?"

"Wageni, shangazi. Wawili."

"Basi usilifute."

Nikaandika 470.