Kadi Kwanza, Ufunguo Baadaye: Mambo ya Kujua Unaponunua Gari Lililotumika

Msikilizaji wetu mmoja wa Mbagala alitupigia simu asubuhi na swali ambalo si geni kwetu. Alinunua Toyota IST kwa mtu wanayefahamiana mtaani, akalipa pesa yote, akapewa ufunguo na kadi. Baada ya miezi kadhaa mambo yakambana, akataka kuliuza alipe ada ya mtoto. Mnunuzi akapatikana, bei wakakubaliana. Walipoanza taratibu za kubadilisha umiliki ndipo akagundua kwamba jina lililo kwenye kadi si la aliyemuuzia. Gari lilishapita mikono mitatu bila umiliki kubadilishwa hata mara moja. Mwenye jina amehama mkoa na simu yake haipatikani.

Gari analo, linalala uani kwake, lakini kisheria si lake.

Simu kama hiyo tunaipata kutoka Tandika, Chamazi, Tegeta na Bunju. Wengi wetu huku pembeni ya mji tunanunua gari la kwanza kwa akiba ya miaka, wengine kwa mkopo. Kosa moja la siku ya kununua linaweza kula akiba yote hiyo. Tumekusanya hapa mambo ya msingi ya kukusaidia kabla hujatoa pesa, na baada ya kushika usukani.

Namba mpya haina maana gari jipya

Mitaani tunasema "gari namba D" au "gari namba E", na madalali hupandisha bei kwa herufi hiyo. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. IST ya mwaka 2003 iliyoshushwa bandarini juzi inaweza kubeba namba E, na gari la mwaka 2008 likawa na namba D. Angalia mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi, kisha ndipo mzungumze bei.

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japan, usiangalie bei ya kwenye mtandao peke yake. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na likizidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. TRA hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, hata kama wewe ulinunua kwa bei ya chini zaidi. Ndiyo maana kodi inaweza kufika au kuzidi bei ya gari lenyewe. Viwango hupitiwa kwenye bajeti ya kila mwaka, hivyo tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho kwenye tovuti ya TRA kabla hujatuma hata senti.

Makaratasi ya kuangalia

Kabla ya kumwita fundi, kagua karatasi. Hazina gharama kubwa, na ndizo zinazookoa wengi.

Kwanza, omba kadi halisi. Nakala au picha ya WhatsApp haitoshi. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Akikwambia kadi iko kwa mkopeshaji, jua gari hilo limewekwa dhamana. Iwe ni benki au ni hawa wa "kausha damu", deni limalizwe na kadi itolewe kwanza. Kadi yenye jina la benki pamoja na la mwenye gari nayo inataka barua ya benki ya kuthibitisha kwamba deni limeisha.

Pili, linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo pia kwa namba ya injini. Ukiona sehemu hiyo imekwaruzwa au kuchomelewa upya, ondoka.

Tatu, angalia madeni. Faini za barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi ukiingiza namba ya gari. Madeni ya maegesho yako kwenye mfumo wa TARURA. Bima unaweza kuihakiki kwenye TIRA MIS, maana stika ya kioo inaweza kuwa ya kughushi. Madeni haya yanafuata namba ya gari. Ukinunua bila kuangalia, umenunua na deni.

Jambo jingine: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ile tuliyozoea kuiita "road licence", ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Mtu asikudai pesa kwa jina hilo.

Kulikagua gari

Nenda mchana, na nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, huenda kuna kitu kinafichwa, kwa sababu injini yenye matatizo huonyesha tabia yake ikiwashwa ikiwa baridi.

Fungua mfuniko wa oili. Utando mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Ukifungua swichi, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda gari liligongwa, mifuko ikafumuka, na taa ikaondolewa ili usijue.

Usiamini kilometa za kwenye dashibodi peke yake. Gari linalosema limetembea kilometa 60,000 huku pedali zimelika na usukani umechakaa linasema uongo. Inua zulia la chini na unuse. Mji wetu una mafuriko, na gari lililozama huacha matope na kutu kwenye nyaya hata likioshwa vipi.

Kwenye matairi kuna tarakimu nne za tarehe. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka na kukauka.

Siku ya kulipa

Andikishianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya mtu mwenye jina la kwenye kadi. Dalali alipwe udalali wake tu. Kisha anzeni kubadilisha umiliki TRA mara moja, mkiwa na mkataba, kadi halisi, vitambulisho na TIN za pande zote mbili. Kuna ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu, hivyo kubalianeni mapema nani analipa.

Nawe unayeuza, usimwachie mnunuzi kadi ukaenda zako. Gari likimgonga mtu usiku, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi, na jina hilo ni lako.

Ukishashika usukani

Gari likishakuwa kwa jina lako, kila linachofanya barabarani ni chako. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara 4.5 kasi inapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65. Fikiria hilo unapopita Barabara ya Kilwa wakati wanafunzi wanatoka shule. Simama kwenye kivuko cha pundamilia hata kama daladala nyuma yako inapiga honi, na usiingie njia ya mwendokasi kukwepa foleni.

Funga mkanda, na waliokaa nyuma wafunge pia. Sheria yetu inaweka kiwango cha pombe kisizidi miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini ushauri wetu ni rahisi zaidi: ukinywa, liache gari. Kabla hujafungua mlango, angalia kioo, bodaboda anaweza kuwa anapita. Mvua ikijaa barabarani, usiingie kwenye maji usiyojua kina chake.

Ajali ikitokea, simama, saidia majeruhi na piga 112. Majeruhi atahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi.

Yule msikilizaji wa Mbagala bado anamtafuta mwenye jina. Kwa wewe ambaye hujalipa, bado una nafasi ya kuuliza swali moja kabla ya kugusa ufunguo: jina gani liko kwenye kadi? Nenda kwa usalama.