Makoboi wa redio: michezo ya zamani ya wachunga ngombe

Kabla televisheni haijaingia manyumbani, familia nyingi za Marekani zilikuwa zinakaa magaribi kando ya redio kusikiliza michezo ya makoboi. Koboi ni mchunga ngombe mwenye kupanda farasi.

Michezo hiyo ilitoka katika historia ya kweli. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865), wafugaji wa Texas walikuwa na ngombe wengi lakini soko lilikuwa mbali. Waliwaswaga wiki nyingi hadi Abilene, na baadaye Dodge City, huko Kansas, kwenye gari la moshi lilikuwa linafika. Njiani kulikuwa mito, kiu na wezi.

Mwaka 1933, redio WXYZ ya Detroit ilianzisha The Lone Ranger, mchezo uliopendwa sana na watoto. Tarehe 26 Aprili 1952, redio CBS ikaleta Gunsmoke, wa watu wazima. William Conrad ndiye alitoa sauti ya Matt Dillon, mlinda sheria wa Dodge City. Hapo mtu mwema aliweza kufa, na Dillon mwenyewe hakufurahia kuua.

Mwaka 1958 CBS ilitoa Luke Slaughter of Tombstone. Safari hii shujaa alikuwa mfugaji mwenyewe: askari wa zamani aliyeanza kufuga ngombe Arizona. Sauti ilikuwa ya Sam Buffington. Mchezo huo ulidumu miezi michache tu.

Ndani ya studio hakukuwa farasi hata mmoja. Mafundi wa sauti waligonga vifuu vya nazi juu ya mchanga ao changarawe, na msikilizaji akaona farasi anakimbia.

Lakini kuna jambo michezo hiyo ilificha. Makoboi wengi wa kweli walikuwa Weusi, wengine Wamexico. Redioni, karibu mashujaa wote walikuwa Wazungu. Msikilizaji aliyetegemea redio peke yake alijifunza historia nusu.

Televisheni ndiyo ilimaliza michezo hiyo. Watangazaji wa biashara walihamisha feza zao kule. Gunsmoke ilipoingia kwenye televisheni mwaka 1955, Conrad hakuchukuliwa, juu alikuwa mfupi na mnene. Nafasi ikapewa James Arness, mtu mrefu sana. Ile ya redio ilifungwa tarehe 18 Juni 1961.

Kwetu Congo, makoboi walifika kwa njia ya sinema. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walioitwa "Bills" waliiga mavazi na mwendo wao, wakachukua jina hilo kwa Buffalo Bill.

Vipindi vingi vya Gunsmoke vinasikilizwa hadi leo, juu kuna watu walitunza kanda. Kipindi kisichorekodiwa kinaenda na upepo, hata kama kilipendwa namna gani.