Kipaji Hakigongi Muhuri

Kwenye kwaya yetu ya vijana hapa Tororo, wale wa sauti ya tatu ndio wanaosumbua zaidi. Tenori anatakiwa apande juu bila kupiga mayowe, na sisi mayowe ndiyo tunayaweza. Basi siku moja niliwawekea kwenye simu sauti ya Richard Tauber, mwimbaji wa Austria aliyekufa zamani. Nikawaambia huyu naye alikuwa mkimbizi. Kijana mmoja akadakia, "Kumbe! Basi kaka, kipaji kilimwokoa." Nilinyamaza, kwa sababu najua habari yenyewe haiko hivyo.

Tauber alizaliwa mjini Linz tarehe 16 Mei 1891. Mama yake alikuwa mtu wa jukwaani, baba yake mwigizaji wa ukoo wa Kiyahudi aliyeingia Ukatoliki. Machi 1913 aliimba opera kwa mara ya kwanza katika mji wa Chemnitz, Ujerumani. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, okestra nzima ikipiga. Hakuna maikrofoni. Kifua cha mwimbaji ndicho spika.

Kufikia miaka ya 1920 jina lake lilikuwa kubwa Berlin na Vienna. Maishani mwake alirekodi nyimbo zaidi ya 700. Mtunzi Franz Lehár alikuwa akitunga akiifikiria sauti yake. Wimbo uliovuma kuliko zote ni "Dein ist mein ganzes Herz", wa mchezo uliofunguliwa Berlin mwezi Oktoba 1929. Muziki ni wa Lehár. Maneno ya mchezo huo yaliandikwa na Fritz Löhner-Beda, Myahudi, akishirikiana na Ludwig Herzer. Hilo jina la Löhner-Beda tafadhali lishike, tutalirudia.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Tauber, nyota mzima, alipigwa barabarani Berlin na vijana wa Nazi kwa sababu ya damu ya baba yake. Akarudi Austria. Machi 1938 Ujerumani ikaimeza na Austria yenyewe, na Tauber akaondoka moja kwa moja. Aliimba London, akazunguka Australia na Afrika Kusini. Huku nyuma Wanazi wakamfutia pasipoti. Mtu aliyekuwa akijaza kumbi akawa hana nchi, kama wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Kilichomtoa hapo ni karatasi za Uingereza: mwaka 1940 alipewa uraia wa huko.

Sasa turudi kwa Löhner-Beda. Yeye alikuwa Vienna. Machi hiyohiyo ya 1938 alikamatwa, akapelekwa kambi ya Dachau, baadaye Buchenwald. Hata humo ndani aliandika maneno ya wimbo wa wafungwa, na mfungwa mwenzake Hermann Leopoldi akautia muziki. Tarehe 4 Desemba 1942 aliuawa Monowitz, sehemu ya kambi za Auschwitz. Miaka yote hiyo muziki wa Lehár uliendelea kupigwa Ujerumani, maana Hitler mwenyewe aliupenda. Yaani muziki unachezewa ukumbini, na mwandishi wa maneno yuko nyuma ya seng'enge.

Nani atasema Löhner-Beda alikosa kipaji? Wimbo ni uleule. Mmoja alipata karatasi, mwenzake hakupata.

Mpaka huu wetu unaijua habari hiyo. Wakati wa Amin, Waganda walipita Busia na Malaba kukimbilia Kenya. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya nao walipita njia hizohizo kuja upande huu, na wengine walihifadhiwa Mulanda, hapa Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mtu wa michezo ya kuigiza, alikamatwa Kampala na kuuawa baada ya mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, kupelekwa kwenye tamasha la Lagos. Robert Serumaga, naye mtu wa jukwaa, aliwahi kuvuka akaishi Kenya. Kutoka Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200 tu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, nawaomba jambo moja. Mashindano ya vipaji ni mazuri, leteni hata kesho. Lakini msimwambie mtoto kwamba sauti yake ndiyo itamtoa hapa. Asipotoka atajiona yeye ndiye aliyeshindwa, kumbe faili lake ndilo halijasogea. Mkimpigia makofi, muulizeni pia faili limefika wapi.

Niliwaeleza vijana haya yote wiki iliyofuata. Yule aliyedakia akauliza, "Sasa kaka, tunaimba ya nini?"

Nikamsimulia usiku wa mwisho. Septemba 1947 kampuni ya opera ya Vienna, ile aliyoiacha Tauber mwaka 1938, ilitembelea London. Yeye alikuwa na saratani, pafu moja halifanyi kazi tena. Aliomba aimbe nao mara moja. Tarehe 27 Septemba akaimba sehemu ya Don Ottavio katika opera ya Mozart, na siku chache baadaye akaenda hospitali kutolewa pafu. Alifariki tarehe 8 Januari 1948. Usiku ule hakuwa akitafuta viza wala pesa. Alitaka kuimba na watu wake.

Kijana hakujibu kitu. Aliomba nirudie wimbo, kisha akaniuliza jina la yule mwandishi wa maneno linaandikwaje.