MTAJI, UJUZI NA SOKO: HISTORIA YA HUDUMA KWA MWENYE BIASHARA NDOGO TANZANIA

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huu ni wa kweli, lakini ukweli wake ni nusu. Seremala mwenye nguvu na asiye na randa atabaki kibarua wa mwenye randa. Mama mwenye bidii ya kupika na asiyejua kupiga hesabu ya faida atapika mwaka mzima, na mwisho wa mwaka atakuwa na deni. Nguvu za mnyonge huwa mtaji wake pale tu zinapokutana na mambo matatu: kwanza, zana au fedha ya kuanzia, pili, ujuzi na mwongozo wa kazi, tatu, soko la kuuzia pamoja na mahali pa kupatia malighafi.

Nani anayashika mambo hayo matatu? Hilo ndilo swali la makala haya, nalo ni swali la siasa. Anayeyashika ndiye anayeamua kama kijana anayeanza kazi yake ndogo atasimama kwa miguu yake au atamfanyia mwingine kazi akidhani anajifanyia mwenyewe. Historia ya nchi yetu inalijibu swali hili kwa namna mbalimbali katika vipindi mbalimbali, na kada anayetaka kuwasaidia wananchi leo hana budi kuijua.

Mkoloni alifunga milango yote mitatu

Chini ya utawala wa Waingereza, biashara ya Tanganyika ilipangwa kama ngazi. Juu yalikaa makampuni makubwa ya Ulaya yaliyoingiza bidhaa kutoka nje na kusafirisha katani, pamba na kahawa. Katikati walikaa wafanya biashara wa jumla na wenye maduka, wengi wao wa asili ya Asia. Chini kabisa alikaa Mwafrika: mchuuzi, mwenye genge, mwenye kiduka cha chumvi na mafuta ya taa. Ngazi hii haikuletwa na rangi za watu wala na akili zao. Ililetwa na sheria na taratibu za ukoloni, na ndiyo maana siasa yetu ilikataa kuwapima watu kwa rangi, ikapima mfumo.

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa, na mwaka 1931 ikaitunga upya. Kwa sheria hiyo, mtu asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa kama mkopo wenyewe ulikuwa wa maandishi na umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Wakoloni walidai kwamba walikuwa wanamlinda mwenyeji asizame katika madeni. Matokeo yake yakawa kinyume. Mwenye duka la jumla hakuthubutu kumkopesha mchuuzi Mwafrika mzigo wa bidhaa kwa sababu hakuwa na njia ya kumdai. Kwa hiyo Mwafrika alilazimika kununua kwa fedha taslimu katika biashara ambayo wenzake wote waliiendesha kwa kukopeshana. Benki nazo hazikumsaidia. Zilikuwa benki za kigeni zilizotumikia biashara ya kusafirisha mazao, na zilitaka rehani. Ardhi aliyoishika mwananchi kwa mila haikukubaliwa kuwa rehani.

Mlango wa fedha ukafungwa hivyo. Mlango wa ujuzi ulifungwa na elimu iliyotoa makarani wachache, na mlango wa soko ulifungwa na ngazi yenyewe. Mtu aliyefungiwa milango yote mitatu kisha akaambiwa kwamba hajui biashara, ametukanwa mara mbili.

Wanyonge wajitafutia njia

Hata hivyo watu wetu hawakukaa wakingoja. Dar es Salaam mwaka 1934, Erica Fiah, mwenye duka dogo aliyetoka Uganda, aliongoza kuundwa kwa chama cha wafanya biashara Waafrika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, alianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Hapa pana funzo. Mwenye duka yule alitambua kwamba shida ya kiduka chake ilikuwa shida ya wenzake wote, na kwamba chama bila habari ni mwili bila masikio.

Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, kikazaliwa KNCU mwaka 1933. Katika miaka ya 1940, wafanya biashara Waafrika wa Mwanza walikuwa na chama chao cha ushirika, na katibu wake alikuwa kijana Paul Bomani. Kutoka katika shule hiyo ya biashara ndogo, Bomani alikwenda kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria ukaanza.

Jambo la kuangalia hapa ni mpangilio wa hatua. Watu hawa hawakuanza na fedha, kwa kuwa fedha hawakuwa nayo. Walianza na umoja; umoja ukawapa soko; soko likawapa fedha; na fedha ikawawezesha kuajiri wahasibu na kusomesha watoto. Miaka mingi baadaye, Azimio la Arusha lilipofundisha kwamba fedha ni matunda ya maendeleo na siyo msingi wake, lilikuwa linasema jambo ambalo wakulima na wachuuzi hao walikuwa wamekwisha kulithibitisha kwa vitendo.

Uhuru, Azimio na kuzaliwa kwa SIDO

Baada ya Uhuru, Serikali ilianza kuifungua milango hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 liliundwa shirika la taifa la viwanda vidogo chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, benki zikataifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Benki zikawa mali ya umma. Lakini mlango wa benki ulikuwa bado mrefu kwa fundi wa kijijini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mikopo ilikwenda kwenye mashirika ya umma na biashara ya mazao.

Hatua iliyomlenga fundi mdogo moja kwa moja ilikuja mwaka 1973, pale Bunge lilipotunga Sheria Namba 28 iliyounda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Tuuangalie kwa makini utaratibu wake, maana ndani yake mna fikra ambayo bado ina uzito.

Kwanza, SIDO haikumpa fundi bunda la noti. Ilimpa mashine, naye akailipa polepole kwa fedha iliyotokana na kazi ya mashine hiyo hiyo. Mashine ya kukamua mafuta au ya kuranda mbao haiwezi kuliwa wala kutumika katika harusi. Pili, ilijenga mitaa ya viwanda mikoani, ili fundi apate banda, umeme na karakana ya pamoja ambavyo peke yake asingeviweza. Tatu, ilikuwa na maofisa wa ugani waliomfuata mzalishaji mahali pake, na vituo vya mafunzo vilivyochanganya kazi na masomo. Nne, kuanzia mwaka 1976 kulikuwa na mpango wa viwanda ndugu kati ya SIDO na Sweden: kiwanda kidogo cha Sweden kilishikana na kiwanda kipya cha hapa nchini, kikakipa mashine, michoro na mafunzo ya wafanyakazi. Arusha na Moshi ni miongoni mwa miji iliyopata viwanda hivyo.

Kwa kifupi, zana, ujuzi na mahali pa kazi viliwekwa chini ya paa moja. Kwa mara ya kwanza mnyonge alikuwa na mahali pa kwenda na kuuliza: nianzeje?

Upungufu wa utekelezaji na miaka ya dhiki

Fikra nzuri haitoshi ikiwa hali halisi haikupimwa. Mwaka 1976 ulifanyika msukumo uliojulikana kama Operesheni Maduka. Shabaha ilikuwa kuweka maduka ya vijiji vya ujamaa mahali pa maduka ya watu binafsi, ili faida ibaki kwa wanakijiji. Lakini katika sehemu nyingi duka la mtu lilifungwa kabla duka la kijiji halijawa tayari. Hapakuwa na mtunza vitabu aliyefundishwa, hapakuwa na usafiri, na bidhaa hazikufika. Aliyeumia ni yule yule mwananchi aliyekusudiwa kusaidiwa, na operesheni ikasimamishwa mwaka huo huo. Katika mwaka huo pia vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ilichukua hadi mwaka 1982 kupata sheria ya kuvirudisha. Shule ya biashara ambayo wakulima waliijenga kwa miongo mitano ilifungwa kwa miaka sita.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula akiba ya taifa, na fedha za kigeni zikakauka. Hapo udhaifu wa viwanda vidogo ukajitokeza. Mashine ilikuwapo na fundi alikuwapo, lakini chuma, rangi na vipuri vilitoka nje. Kiwanda kinachotegemea malighafi ya ng'ambo, hata kikiwa kidogo namna gani, kimebeba utegemezi mkubwa. Ukitoa mambo mawili na kulisahau la tatu, umejenga meza ya miguu miwili.

Soko huria: fedha bila mwongozo

Kuanzia mwaka 1986, baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, uchumi ulifunguliwa kwa hatua. Wafanyakazi wengi walipunguzwa katika mashirika ya umma, na Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997. Maelfu ya watu waliingia katika biashara ndogo kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine. Kwa lugha mpya waliitwa wajasiriamali.

Serikali haikuwaacha kabisa. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa taifa wa kuwakopesha wajasiriamali unaosimamiwa na SIDO. Mwaka 2003 ilitolewa sera ya maendeleo ya biashara ndogo na za kati. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanya biashara wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, vikawapunguzia bughudha za mgambo. Mwaka huo huo wa 2018, sheria iliilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024.

Lakini karibu na milango hiyo umefunguka mlango mwingine mpana zaidi, nao ni wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Tuchukue mfano wa hesabu. Mama anakopeshwa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha shilingi 10,000 kila siku kwa siku 26. Atalipa 260,000, yaani riba ya asilimia 30 katika muda usiofika mwezi. Ikiwa vitumbua vyake vinampa faida ya shilingi 8,000 kwa siku, basi kila siku anachota 2,000 katika mtaji ili kulipa deni, na hapo bado hajala wala kulipa kodi ya chumba. Siku ya 26 amepoteza 52,000 za mtaji, na faida yote ya kazi yake imekwenda kwa mkopeshaji. Huu ndio unyonyaji ule ule wa zamani, ila mrija umekuwa mfupi zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni. Hiyo ni kinga muhimu. Lakini sheria haiwezi kumpigia mama hesabu kabla hajaweka sahihi. Kazi hiyo inahitaji mtu.

Wajibu wa kada

Historia hii inatufundisha mambo manne.

(a) Umoja hutangulia fedha. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya kuchukua mkopo hufa mkopo unapogawanywa. Kikundi kilichozaliwa katika kazi na akiba hudumu. Haba na haba hujaza kibaba.

(b) Zana ni bora kuliko noti kwa mtu anayeanza. Utaratibu wa SIDO wa mashine kwa malipo ya polepole ulikuwa na hekima hiyo.

(c) Malighafi iwe ya hapa hapa kadiri inavyowezekana: alizeti ya Singida, ngozi, asali, mbao, muhogo.

(d) Mwongozo ni haki ya mwananchi, siyo zawadi ya mwenye ofisi.

Kwa hiyo katibu wa tawi ajiulize: je, kijana wa hapa akitaka kuanza kusindika pilipili, ninajua nimpeleke wapi? Anapaswa kujua kwamba ofisi ya SIDO ya mkoa hutoa mafunzo, na pia barua ya kumtambulisha mzalishaji mdogo kwa Shirika la Viwango. Anapaswa kujua kwamba jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, leseni hutoka kwa ofisa biashara wa halmashauri, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa mikopo ya asilimia 10. Kada asiyejua mambo haya ataimba nyimbo za kujitegemea huku wananchi wake wakiweka sahihi za kausha damu nyuma ya ukumbi wa mkutano.

Mkoloni aliwanyima watu wetu mikopo kwa sheria, akaita ulinzi. Mkopeshaji wa leo anawamwagia mikopo bila mwongozo, naye anaita uhuru. Wote wawili wamemwacha mnyonge mahali pale pale: na nguvu zake, bila zana, ujuzi wala soko. Kazi ya siasa ni kuvikutanisha vitu hivyo. Tuianze matawini.