Kuonja wiski

Kuonja wiski ni kuchunguza rangi, harufu na ladha ya wiski kwa kiasi kidogo ili kuitofautisha na nyingine, na mara nyingi kuipa alama. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu wa viwanda vinavyotengeneza kinywaji hicho, na waandishi wa vitabu, na pia na watu wa kawaida nyumbani kwao.

Kuonja ni tofauti na kunywa. Lengo si kulewa wala kuchangamka, bali kulinganisha. Kwa sababu hiyo matokeo yake hutegemea jinsi ulinganisho ulivyopangwa: anayejua jina na bei ya chupa kabla ya kuonja anaweza kuipa alama lebo badala ya kinywaji chenyewe.

Jina na asili

Neno "wiski" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka lugha za Kigaeli za Uskoti na Ayalandi. Katika Kigaeli cha Uskoti uisge beatha maana yake ni "maji ya uhai", sawa na Kilatini aqua vitae. Watengenezaji wa Uskoti, Kanada na Japani kwa kawaida huandika whisky, ilhali wale wa Ayalandi na wengi wa Marekani huandika whiskey.

Kumbukumbu ya zamani inayotajwa sana ni ya mwaka 1494. Hati za hazina ya ufalme wa Uskoti zinaonyesha kwamba mtawa John Cor alipewa kimea, kwa amri ya mfalme James IV, ili atengeneze aqua vitae.

Kwa nini wiski hazifanani

Wiski yote hutokana na nafaka. Nafaka husagwa, hulowekwa katika maji ya moto, kisha huchachushwa kwa hamira. Kimiminika kinachopatikana hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake hupozwa ili kupata pombe kali zaidi. Mwishowe pombe hiyo huhifadhiwa katika mapipa ya mbao. Tofauti anazokutana nazo mwonjaji huanzia katika hatua hizo:

- Nafaka. Kimea cha shayiri, mahindi, ngano na rai kila kimoja huleta ladha yake. Bourbon ya Marekani ni lazima itokane na mchanganyiko wenye mahindi yasiyopungua asilimia 51, na kwa kawaida huwa na utamu zaidi.
- Moshi. Katika baadhi ya viwanda kimea hukaushwa kwa moto wa peti, ambayo ni mabaki ya mimea yaliyorundikana katika vinamasi kwa karne nyingi. Moshi wake huacha harufu inayowakumbusha watu dawa ya vidonda au samaki wa kukaushwa. Kisiwa cha Islay huko Uskoti kinajulikana kwa wiski za aina hiyo, kama vile Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin.
- Pipa. Bourbon huwekwa katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, navyo huipa harufu ya vanila na karameli. Uskoti hutumia zaidi mapipa yaliyokwisha kuhifadhi bourbon au mvinyo wa sheri.
- Muda. Sheria za Uskoti za mwaka 2009 zinataka wiski ikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na iuzwe ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, si wastani wake.

Utaratibu wa kuonja nyumbani

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: glasi ndogo zinazofanana, maji safi ya kunywa, kijiko cha chai, karatasi, kalamu na chombo cha kutemea. Glasi nzuri ni ile iliyopanuka chini na kubana juu, kwa kuwa hukusanya harufu karibu na pua. Isipopatikana, glasi ndogo ya mvinyo inatosha.

1. Mtu mmoja asiyeonja hubandika namba kwenye glasi, humimina wiski na kuficha chupa. Yeye peke yake huandika namba ipi ni ya chupa ipi.
2. Kila glasi hutiwa kiasi kisichozidi mililita 15. Wiski 3 hadi 5 zinatosha kwa siku moja, kwa sababu pua na ulimi huchoka. Zenye moshi mwingi huwekwa mwisho, maana ladha yake hukaa mdomoni muda mrefu na kufunika zinazofuata.
3. Mwonjaji hunusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, bila kuingiza pua ndani ya glasi. Alkoholi ikipanda puani kwa wingi, uwezo wa kunusa hupotea kwa muda.
4. Huchukua kiasi kidogo, hukizungusha mdomoni kwa sekunde kadhaa, kisha hutema. Huangalia pia ladha inayobaki baada ya kutema na inadumu kwa muda gani.
5. Huongeza matone machache ya maji na kurudia.
6. Huandika maoni na alama kabla ya mtu yeyote kusema neno. Mmoja akitangulia kusema "ninasikia asali", wengine nao huanza kuisikia.
7. Namba hufunuliwa baada ya wote kumaliza kuandika.

Kula pilipili, kuvuta sigara au kujipaka manukato kabla ya zoezi huharibu kazi ya pua.

Sababu ya kuongeza maji

Maji hayatumiki kupunguza ukali tu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walichapisha utafiti uliotumia kompyuta kuiga mwenendo wa molekuli za guaiakoli, kemikali mojawapo inayoleta harufu ya moshi. Walionyesha kwamba alkoholi ikiwa nyingi molekuli hizo huzungukwa nayo na kubaki ndani ya kimiminika. Alkoholi ikipunguzwa hadi asilimia 45 au chini ya hapo, huelekea kukaa karibu na uso wa kimiminika, mahali ambapo pua inaweza kuzipata.

Kutoa alama

Mfumo unaojulikana sana ni wa alama 100. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson (1942–2007), ambaye si mwanamuziki wa Marekani mwenye jina hilo, aliutumia katika kitabu chake kuhusu wiski za kimea kilichotoka mwaka 1989. Mwandishi Jim Murray hugawa alama hizo katika sehemu 4 zenye alama 25 kila moja: harufu, ladha, ladha inayobaki, na uwiano wa yote.

Nyumbani mfumo wa alama 10 unaweza kutosha, kwa sababu mtu asiye na mazoezi hawezi kueleza tofauti kati ya alama 86 na 87. Jambo la maana zaidi ni kuandika sababu. "Alama 7" peke yake haimsaidii msomaji, lakini "alama 7: harufu ya machungwa, kisha uchungu wa mbao unaozidi" inamwezesha kuamua kama yeye mwenyewe angeipenda.

Alama hupimwa pia kwa kurudiwa. Wiski moja ikiwekwa mara mbili katika zoezi moja chini ya namba tofauti, nayo ikapata 8 na 5, basi tofauti ya alama 3 kati ya wiski nyingine za siku hiyo haina uzito.

Jaribio la glasi tatu

Kabla ya kusema kwamba wiski ya ghali ni bora kuliko ya bei nafuu, inafaa kujua kama mwonjaji anaweza kuzitofautisha. Msaidizi humimina glasi 3, mbili zikiwa na wiski ileile na moja ikiwa na nyingine. Mwonjaji hutakiwa kuitaja iliyo tofauti.

Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 3 ya kupatia. Kupatia mara 3 mfululizo kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 27, na mara 4 ni 1 kati ya 81. Kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi chochote, ilhali kupatia mara 4 mfululizo ni ushahidi mzuri. Kijiko kimoja cha chai katika kila glasi kinatosha, na majaribio yanaweza kugawanywa katika siku mbalimbali.

Jinsi macho na bei vinavyodanganya

Watu wengi huamini kwamba wiski yenye rangi nzito ni ya zamani na bora. Hilo si lazima liwe kweli, kwa kuwa sheria za Uskoti huruhusu kuongeza rangi ya karameli.

Utafiti kuhusu mvinyo unaonyesha nguvu ya macho. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao waliueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu mvinyo uleule mara mbili, mara moja wakiambiwa bei yake ni dola 10 na mara nyingine dola 90. Waliupenda zaidi walipoambiwa ni wa dola 90. Ndiyo maana chupa hufichwa.

Kiasi na hatari zake

Glasi 5 za mililita 15 ni mililita 75. Kwa wiski ya asilimia 40, hizo zina mililita 30 za alkoholi halisi, wakati chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Anayemeza kila anachoonja amekunywa zaidi ya chupa hiyo ya bia, hata kama glasi zilionekana kuwa karibu tupu. Kwa makadirio ya kawaida ini huhitaji takriban saa 3 kuondoa kiasi hicho, kwa hiyo mtu huyo hapaswi kuendesha gari wala pikipiki. Kutema hupunguza sana kiasi kinachoingia mwilini, ingawa hakukiondoi chote.

Alkoholi imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Zoezi hili haliwafai watoto, wajawazito, watu walioacha ulevi, wala wanaotumia dawa zisizopatana na pombe.

Kuonja hakuwezi kugundua sumu. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, ambayo harufu na ladha yake hukaribiana na za ethanoli, alkoholi ya kawaida ya vinywaji. Mwilini hugeuka kuwa asidi fomiki inayoharibu mshipa wa fahamu wa macho, na kiasi kidogo chaweza kupofusha au kuua. Nchini Kenya makumi ya watu walikufa mwezi Mei 2014 kwa pombe yenye methanoli. Dalili, kama kuona ukungu, kichwa kuuma na kutapika, huweza kuchelewa kwa saa nyingi, na mgonjwa anapaswa kupelekwa hospitali mara moja. Chupa isiyo na stempu ya kodi au yenye kizibo kilichofunguliwa haifai kuonjwa hata tone.

Ufundi unaofanana Afrika Mashariki

Uislamu unaharamisha pombe, na Wakristo wa madhehebu kadhaa nao hawainywi. Hata hivyo ufundi wa kulinganisha ni uleule kwa vinywaji vingine. Kwenye mnada wa chai wa Mombasa waonjaji huvuta chai kwa kijiko, huizungusha mdomoni na kuitema kabla ya kuikadiria bei. Kahawa ya Tanzania inayouzwa mnadani Moshi nayo hukaguliwa kwa kunuswa na kuonjwa. Mwanafunzi anayetaka kujifunza jaribio la glasi tatu anaweza kulifanya kwa aina mbili za chai, asali au maji ya chungwa, na hesabu yake haibadiliki.

Tazama pia

- Bia
- Mvinyo
- Ethanoli
- Ulevi